Utando wa kuchuja rangi si chekeche tu

Wengi huamini kwamba utando wa polima (aina ya plastiki) husafisha maji taka yenye rangi kama chekeche: vitundu vikizidi kuwa vidogo, maji nayo yanazidi kuwa safi. Kuna ukweli hapo, ila ni nusu tu. Molekuli nyingi za rangi za nguo zina upana wa nanomita 1 hadi 2 hivi (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita). Ukibana vitundu kufikia kiasi hicho, maji yenyewe hupita kwa shida na pampu hula umeme.

Kinachosahaulika ni chaji ya umeme. Rangi nyingi za viwanda vya nguo zina chaji hasi. Oksidi ya grafini, yaani vipande vyembamba mno vya kaboni vyenye oksijeni, ikichanganywa na polima kabla haijatandazwa kuwa utando, huupa uso wa utando chaji hasi pia; chaji zinazofanana husukumana, na rangi hurudishwa nyuma hata pale ambapo ingepenya. Uso huo vilevile hupenda maji, hivyo uchafu haugandi upesi. (Rangi zenye chaji chanya ni kesi nyingine: hizo hunata.)

Wala kumimina kwa wingi chembe ndogo mno (za nano) kama hizo za oksidi ya grafini hakusaidii. Zikizidi hushikamana mabonge, na utando hupata kasoro zinazovujisha rangi. Tena rangi iliyozuiwa haijatoweka: imebaki upande wa maji taka, nzito zaidi, na bado inahitaji kutibiwa.