Mchango uwahi kinyama, usisubiri kidonda

Mama mmoja alifungua pindo la kanga mbele yangu, akazitandaza noti mezani moja moja, akizinyoosha kwa kidole gumba. "Hizi ndizo nauli," akasema. "Nazikusanya tangu mwezi wa mfunguo nne." Siku hiyo tulikuwa tumekwishaingia Rajabu. Miezi sita. Alipoligundua tonge lile ziwani, yaani kwenye titi, kwa maelezo yake lilikuwa kama kokwa ya zambarau. Nilipolishika mimi lilikuwa ndimu, na ngozi juu yake imeanza kuvutwa ndani, kama foronya iliyoshonwa vibaya.

Alishaambiwa mapema kuwa avuke kwenda Unguja akachukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kikapimwe maabara. Hakukataa wala hakukimbilia kwa mganga. Hakuwa na nauli tu, wala mtu wa kumwachia watoto, wala pa kulala akifika. Miezi mitatu baadaye, dawa zilipoanza na nywele zikadondoka, shehia nzima ilimchangia. Ijumaa moja tu, baada ya sala, zilipatikana fedha mara nyingi zaidi ya zile zilizokuwa kwenye pindo. Nilishukuru, na usiku ule sikulala. Watu ni wale wale na mifuko ni ile ile. Mfunguo nne hakuna aliyeulizwa.

Mimi ni muuguzi, nimesomea uuguzi wa saratani, na miaka yangu mingi ya kazi nimeifanya hapa Pemba. Wapemba hawahitaji kufundishwa kutoa. Akifa mtu, sufuria zinakuja zenyewe. Akiolewa mtoto, sare zinanunuliwa hata kwa mkopo. Lakini saratani ya matiti tunaichangia inapoonekana kwa macho, na inapoonekana kwa macho imeshakwenda mbali.

Nianze na neno lenyewe. Redioni wanasema titi. Sisi tunasema ziwa. Akina mama wengi hawasemi lolote kati ya hayo. Husema "hapa kifuani", au hunishika mkono wakauweka penyewe. Kwa hiyo nami nitasema ziwa.

Sentensi ninayoisikia kuliko zote ni hii: "Haliniumi, daktari. Lingekuwa linauma ningekuja zamani." Hapo ndipo wengi tunapopotea. Tumezoea kuwa ugonjwa ni maumivu, na kisichouma kinaweza kungoja. Uvimbe wa saratani mwanzoni kwa kawaida hauumi. Huwa mgumu, ukingo wake haueleweki vizuri, na ukiusukuma kwa kidole hautelezi sana. Wakati mwingine hakuna uvimbe wa kushikika kabisa: ngozi imekuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje imeingia ndani, chuchu inatoa damu bila kukamuliwa, au ina ukurutu usiosikia mafuta wala dawa ya kupaka. Au kuna tezi kwapani na mkono hauna jeraha. Lolote kati ya haya likikaa, njoo. Nami nasema kwa moyo mweupe: vimbe nyingi tunazozipima si saratani. Kwa wasichana mara nyingi ni tezi laini inayokimbia chini ya kidole, na kwa wengine ni kifuko cha maji. Ukija ukaambiwa si kitu, hukuipotezea hospitali wakati wake.

Ninaowahofia zaidi ni wanaonyonyesha. Ziwa likivimba na kuwa jekundu kila mtu anasema maziwa yameganda, na mara nyingi ndivyo. Mama anapewa dawa, anakandwa kwa maji ya moto, anaambiwa amnyonyeshe mtoto. Sawa. Lakini dawa ikimalizika na wekundu bado upo, wiki ya pili inaingia, asipewe dozi nyingine ya dawa ile ile. Ipo saratani inayokuja kwa sura hiyo hiyo ya jipu, na inakwenda mbio.

Sasa kinyama. Hakuna macho wala mikono, hata iwe hodari vipi, inayoweza kusema kwa yakini kwamba hii ni saratani. Anayesema ni mtaalamu wa maabara akikiangalia kinyama kwenye hadubini. Kuna imani inayotuumiza sana, kwamba uvimbe ukiguswa na chuma unachachamaa. Naielewa ilikotoka. Watu wamemuona shangazi yao akakatwa, kisha akafa baada ya miezi minne, wakaunganisha sindano na kaburi. Shangazi alikuja akiwa ameshachelewa. Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mifupa au ini kabla sindano haijamgusa. Kuchukua kinyama hakuifanyi saratani ienee. Sehemu inatiwa ganzi, sindano nene inatoa vipande vyembamba kama nyuzi za tambi, na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyo hiyo na plasta.

Kinachofuata ni chupa ndogo yenye fomalini, dawa ya maji inayokizuia kinyama kisioze, na hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo fedha kidogo zinapofanya kazi kubwa. Fomalini iwe kama mara 10 ya ujazo wa kinyama. Kinyama kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya saa 72, kisha kiingie kwenye hatua za maabara. Kwa nini? Kwa sababu hatutaki kujua tu kama ni saratani. Tunataka kujua kama seli zake zina vipokezi vya homoni, yaani mahali homoni inaposhika na kuikuza saratani. Zikiwa navyo, baada ya matibabu mengine mama anaweza kumeza kidonge cha tamoxifeni kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10, na hatari ya ugonjwa kurudi hupungua sana. Kinyama kilichokaa vibaya kinaweza kuonekana hakina vipokezi kumbe kilikuwa navyo, na mama akanyimwa kidonge alichostahiki. Niliwahi kuikuta chupa kabatini mahali fulani ikiwa siku ya tisa. Ilikuwa na jina, tarehe na kila kitu. Ilikuwa inangoja mtu wa kuivusha bahari. Siitaji sehemu hiyo, maana si uzembe wa mtu mmoja. Kusi lilikuwa linavuma, boti zimeahirishwa, na hakuna fungu la kumlipa mtu nauli kwa ajili ya chupa.

Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka lengo kuwa tangu mwanamke afike kituoni na dalili hadi ajue ana nini zisizidi siku 60. Angalieni kisiwa chetu kilivyo, mpige hesabu. Kutoka bandari ya Mkoani kwa boti hadi Unguja. Kutoka Unguja, kwa wanaohitaji mionzi, kuvuka tena hadi Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Dawa za saratani zinazopitishwa mishipani hutolewa kwa mizunguko, kwa kawaida kila siku 21, na mizunguko ikifika 8 ni kama nusu mwaka wa kwenda na kurudi. Mionzi nayo ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 3 au 5. Hata pale dawa yenyewe inapotolewa bure, boti si bure, chumba si bure, wala chakula cha anayemsindikiza. Wagonjwa niliowapoteza katikati ya matibabu hawakuikataa dawa. Wengi waliishiwa.

Hili la kuchangia limenifikisha pahala pa kusema bila kuficha. Kila Oktoba tunavaa fulana za waridi na kutembea. Mwezi huo ulianzia Marekani mwaka 1985 na umefanya kazi nzuri ya kulitoa neno saratani chumbani. Siupingi. Lakini fedha za fulana 100 nikipewa mimi, nitazitumia kuwafundisha wahudumu wa kujitolea wa shehia kupima ziwa kwa mkono na kujua nani apelekwe mbele. Huko Mumbai, India, wanawake zaidi ya 150,000 walifuatiliwa kwa miaka 20. Nusu yao walipimwa kwa mkono na wahudumu wa kike wa afya kila baada ya miaka 2, wakaelezwa dalili. Uvimbe wao ulionekana mapema zaidi, na kwa waliofika miaka 50 vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Ni mikono iliyofundishwa, bila mashine kubwa. Kujikagua mwenyewe kwa ratiba, kama mtihani wa skuli, kulijaribiwa Shanghai kwa wafanyakazi wa viwanda zaidi ya 260,000 na hakukupunguza vifo. Kwa hiyo siwatishi akina mama kwa ratiba. Nawaambia lijue ziwa lako unapooga na unapojipaka mafuta, ili likibadilika ujue.

Katika shehia moja upande wa kusini wa kisiwa, akina mama wa kikundi cha upatu waliniita barazani. Tukakubaliana kuanza na makonyo, vile vijiti vinavyoshika karafuu. Msimu wa karafuu kila nyumba inachambua, na makonyo hubaki, huuzwa kwa bei ndogo, wala hakuna anayeyapigia hesabu. Kila nyumba ikatoa makonyo yake ya siku moja, na aliyetaka akaongeza kibaba cha karafuu kavu. Fedha zikaingia kwenye kisanduku chenye kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasiokuwa ndugu. Daftari linaandika tarehe, kiasi na kazi: "nauli", "chupa", "kulala". Jina la mgonjwa haliandikwi. Mtunza daftari anapeleka tiketi mkononi, hapeleki noti.

Sharti langu moja lilikuwa gumu, na nililishikilia: hakuna picha. Nimechoka kuona kidonda cha mama wa watu kikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp na namba ya simu chini yake. Mama huyo ana wanawe, ana wakwe. Wanawake wanaoziona picha hizo hawajifunzi kuwahi. Wanajifunza kuficha. Nimempokea mgonjwa aliyeniambia kabla hajakaa, "Nitatibiwa, lakini nisipigwe picha." Jambo la kwanza aliloliogopa lilikuwa sisi.

Wanaume wa shehia ile waliuliza kama zaka inaingia. Niliwaambia wamuulize sheikh wao, si mimi. Wakamuuliza, akawajibu mama aliyekwama kwa ufukara ni miongoni mwa wenye haki nayo. Mzee mmoja akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama wanaume nao hupata. Hupata, kama mmoja katika kila wagonjwa 100, na nao huchelewa zaidi kwa kuwa hawalitarajii. Wiki iliyofuata alikuja kupimwa. Alikuwa salama.

Kikundi hicho pia kinashona. Mama aliyeondolewa ziwa hubaki na upande mmoja mzito, bega likainama, buibui likakaa upande. Wanakata kitambaa laini cha pamba kwa umbo la ziwa, wanajaza sufi iliyochambuliwa vizuri, na chini wanatia kifuko cha mtama, kiganja kimoja au zaidi, mpaka kilingane uzito na upande wa pili. Mtama huondolewa siku ya kufua. Wa kwanza kuvishwa ni yule mama wa pindo la kanga. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka ubavu, akavuta ushungi, akasema, "Basi naweza kwenda arusini." Anameza kidonge chake kila usiku baada ya isha, na mkono wa upande uliokatwa anaunyoosha kwa kutambaza vidole ukutani, kila siku nukta moja juu ya jana.

Fungu la kwanza la makonyo lilimvusha msichana wa miaka 23 mwenye uvimbe kama njugu mawe. Aliondoka Jumatatu, kinyama kikachukuliwa, majibu yakarudi: tezi ya kawaida, si saratani. Wapo walionong'ona kuwa fedha zimekwenda bure. Mama wa pindo alikuwa amekaa kwenye mkeka, anachambua. Akaomba daftari, akalifungua kwenye ule mstari wa nauli, akauliza nani mwengine ana kitu ziwani na bado anakusanya. Kimya kikapita. Kisha mikono miwili ikanyanyuka, mmoja wa mwanamke aliyekuwa akinong'ona. Boti ya kwenda Unguja ilikuwa Alkhamisi.