Printa "iliyotumika kidogo" na mengine niliyochoka kuyasikia

"Fundi, iko mupya kabisa, mwenyewe alichapisha picha kama hamsini tu." Kila kiangazi hapa Lubumbashi lazima mpiga picha mmoja aniambie hivyo, na printa yake ya upana wa sentimita 112, mtumba wa Ulaya, tayari iko juu ya lori.

Kinachohesabiwa kilometa ni gari. Printa ya wino wa pigmenti inakufa kwa kulala. Pigmenti ni unga laini ndani ya maji, unapita kwenye vitundu vya kichwa cha printa, vyembamba kuliko unywele. Maji yakikauka, unga unabaki humo humo. Sasa printa imelala ghalani mwaka mzima, imevuka bahari, imesubiri Dar es Salaam, imepita Zambia hadi mpakani Kasumbalesa. Upya wake uko wapi?

Juni iliyopita niliwasha moja mbele ya mwenyewe, tukachapisha ukurasa wa kupima vitundu, ile ngazi ya mistari midogo. Njano ilitoka nzima. Majenta ilikuwa na mapengo kama meno ya mzee. Sayani, ile bluu, karatasi tupu. Tukasafisha kichwa mara tatu: mistari haikurudi, na wino wote wa thamani ukaishia kwenye tangi la uchafu. Nilipomtajia bei ya kichwa kipya alinyamaza, halafu akauliza kama hatuwezi kukiosha na spiriti. (Hapana!)

Hata mpya utaiua ukiitunza kama sahani za wageni. Inataka hewa yenye unyevu wa asilimia 40 hadi 60, na kiangazi chetu ni kikavu, tena kina vumbi. Mimi naweka beseni la maji chumbani, na kila Jumatatu nachapisha A4 moja yenye rangi zote, kazi iwepo isiwepo. Halafu nunua UPS, betri ya kushikilia umeme ukikatika. Umeme ukikatika katikati ya picha, kichwa kinabaki wazi juu ya karatasi, hakijarudi kwenye kifuniko chake, na kinakauka hapo hapo ukiwa unawasiliana na jirani mwenye jenereta.

Kwa hiyo ukiniuliza ununue upana gani, nami nitakuuliza unachapisha picha ngapi kwa wiki. Kama ni mbili tatu, chukua ya sentimita 43, inakutolea A2. Ile moja kubwa ya maonyesho mlipe mwenye mashine kubwa akuchapishie.

Mengine ni mafupi. "DPI 2880 inashinda 1440": hayo ni matone ya wino kwa inchi. Faili yako ikiwa na pikseli 300 kwa inchi, inatosha.

"Katriji 12 ni rangi 12": baadhi ya vikasha hivyo vya wino ni kijivu na nyeusi, na katika printa ya Canon PRO-1000 kimoja hakina rangi kabisa, kinasawazisha mng'ao tu.

"Mashine ya bache nayo inachapisha picha": ile ya maturubai ya matangazo? Ndiyo, za kutazamwa kutoka ng'ambo ya barabara.

"Printa yangu inatoa picha za giza": skrini yako ndiyo inawaka kama taa ya lori. Punguza mwanga wake, weka profaili ya ICC (faili inayoiambia kompyuta rangi zinavyotoka) ya karatasi hiyo hiyo unayotumia, chapisha tena. Ikibaki giza, nipigie.