Goma hadi Nyamyumba kwa siku moja: anza hesabu na jioni

Wanaoniuliza habari za kuvuka kutoka Goma kwenda Rwanda, kutembea Ziwa Kivu hadi maji ya moto ya Nyamyumba kwa siku moja, karibu wote huanza na boti: ina moteri gani, inabeba watu wangapi. Boti nitaifikia. Lakini katika siku nzima ya safari hii, maji yanakula saa moja na nusu tu. Saa zingine zote zinaliwa na bariera, yaani kituo cha mpaka, chakula na kusubiriana. Kwa hiyo mimi huanza hesabu na jioni. Nachukua saa bariera inapofungwa, natoa saa mbili, na hapo ndipo kundi zima linapaswa kuwa limeshapanga foleni ya kurudi, likiwa upande wa Gisenyi, mji wa Rwanda unaopakana na Goma. Kutoka hapo narudi nyuma hatua kwa hatua mpaka saa ya kuamka. Saa za kufungua na kufunga, pamoja na bei za karatasi, siziandiki hapa kwa makusudi, maana hubadilika kwa tangazo la usiku mmoja. Jana yake pita barierani mwenyewe, uliza, andika.

Kwanza ondoa kichwani wazo la kupanda boti Goma na kushukia Rwanda. Ziwa ni moja, lakini mpaka unapita ndani ya maji bila boya wala kamba, na kuna doria za pande zote mbili. Utaratibu ni huu: vuka kwa miguu, pitia ofisi zote mbili za uhamiaji, ndipo ukodi boti Gisenyi, ubaki kwenye maji ya Rwanda, kisha urudi Goma kwa miguu vilevile. Anayekuambia atakupitisha kwa pirogi alfajiri ili ukwepe foleni, huyo anakuuzia kesi.

Bariera ziko mbili. Petite Barrière ni ya biashara: asubuhi wamama wa mboga na unga, wabeba mizigo, na wafanyabiashara walemavu na baiskeli zao za magurudumu matatu zilizojaa magunia. Kundi la watalii kumi na wawili wenye kofia na kamera likijipenyeza hapo linakuwa kero kwa watu wanaotafuta chakula cha siku. Pitia Grande Barrière, ile ya kando ya ziwa. Ukitoka tu upande wa pili uko kwenye barabara ya ufuo wa Gisenyi. Na kwa bariera mliyotokea, rudini kwa hiyohiyo, kwa kuwa hapo ndipo majina yenu yameandikwa.

Karatasi ndizo zinazoamua mtafika wapi, kuliko hata boti. Mkaaji wa Goma aliyezoea jeton ajue kwamba jeton ni karatasi ya jirani wa mpaka: kwenda na kurudi siku ileile, mji wa pili tu. Inamtosha kwa Gisenyi na Nyamyumba. Anayetaka kushuka hadi Karongi, ile tuliyoizoea kwa jina la Kibuye, awe na paspoti au lesepase (hati ya kusafiria) ya CEPGL, jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi. Katika kundi lenye karatasi za aina mbili, njia inapangwa kwa karatasi iliyo dhaifu zaidi, la sivyo kuna mtu atakayeachwa ufuoni kulinda sakosi (mifuko) za wenzake. Kila mtu abebe pia karti ya manjano ya chanjo. Mtoto asiyesafiri na mzazi awe na ruhusa ya wazazi ya maandishi. Mwanafamilia aliyetoka Kinshasa mkumbushe aangalie simu yake: Goma na Rwanda tunatumia saa ileile, Kinshasa iko nyuma kwa saa nzima, na simu iliyobaki kwenye saa ya Kinshasa imeshachelewesha makundi mengi.

Siku ya safari, kiongozi mmoja atangulie na orodha mkononi, mwingine awe wa mwisho kabisa. Orodha iandikwe majina kama yalivyo kwenye karatasi, kwa mpangilio uleule, kwa sababu afisa hatafuti jina la nyumbani. Mtapita kwa DGM, ofisi ya uhamiaji ya upande wa Goma, mtanawa mikono na kupimwa joto, mtatembea ile sehemu ya katikati, kisha mtarudia karibu hayohayo upande wa Rwanda pamoja na kufunguliwa mizigo. Kwa watu 12 weka saa moja na nusu. Nani huchelewesha? Mara nyingi ni yule aliyeficha sashe za plastiki chini ya nguo. Rwanda ilipiga marufuku sashe mwaka 2008 na haina mzaha nazo: zinatolewa, vitu vyako vinamwagwa mezani, foleni inasimama. Mandazi yafungwe kwenye karatasi au kitambaa, maji yawe kwenye chupa ya kudumu. Kamera na simu zikae mfukoni mpaka bariera iwe nyuma yenu kabisa.

Pesa: badilisha kwa kambisti (mbadilisha fedha) unayemjua Goma, siku moja kabla, kiasi cha boti, chakula na pikipiki za dharura tu. Dola iliyochanika hata kidogo pembeni iache nyumbani, haitapokelewa huku wala kule. Na usichague Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Hiyo ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya jamii nchini Rwanda. Kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi maduka yamefungwa na mwendo barabarani ni mdogo, kwa hiyo asubuhi yenu nzuri ya maji tulivu mtaimaliza mmekaa kwenye ukuta wa ufuo.

Hiyo asubuhi ina thamani gani? Kivu iko mita 1,460 juu ya bahari, imezungukwa na milima, na asubuhi huwa imelala. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto kuliko maji, upepo unaanza kuvuta kutoka ziwani, na baada ya saa saba mawimbi yanainuka. Juni hadi Agosti kuna pia upepo wa kusini unaosafiri urefu wote wa ziwa kabla ya kufika kwetu kaskazini, na mawimbi yake ni marefu kuliko unavyotegemea kwenye ziwa. Misimu ya mvua hatari yake ni nyingine: wingu jeusi mlimani, kisha kimbunga kifupi cha dakika ishirini. Kwa hiyo maji yote yamalizwe kabla ya saa saba mchana. Kapiteni akisema mawimbi ya mchana ni kawaida tu, kwake yeye ni kawaida. Abiria wako wanatapika.

Kutoka ufuo wa Gisenyi hadi Nyamyumba, upande wa kiwanda cha bia, ni kama kilomita 6 au 7. Boti ya mbao yenye moteri ya nguvu za farasi 15 inakwenda dakika arobaini. Yenye farasi 40 inafika kwa nusu saa bila haraka. Ukisikia moteri inalia lakini boti haijinyanyui, usidhani ni mbovu: kwa mwinuko huu hewa ni nyepesi, na moteri inapoteza kama asilimia 15 ya nguvu iliyoandikwa juu yake. Kwa sababu hiyo boti ambayo kule Mombasa ingebeba watu 12 vizuri, hapa mimi naihesabia 10.

Kabla mtu hajapanda, mambo manne nayatazama mwenyewe, hata kama kapiteni ni rafiki.

Esansi (petroli) kwanza. Moteri ya farasi 40 ya viharusi viwili ikikazwa inakunywa lita 15 hadi 20 kwa saa. Kwa safari hii nataka lita 40 ndani ya boti: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi isiyoguswa. Kwa moteri inayochanganyiwa esansi na oili kwa hamsini kwa moja, lita 20 zinataka mililita 400 za oili. Oili ikipungua pistoni inakwama katikati ya ziwa. Ikizidi, plagi zinachafuka na moteri inazimika kila mkipunguza mwendo, na hapo ndipo mnapotaka kutia kando. Uliza plagi ya akiba iko wapi na ufunguo wake. Jibu la "iko nyumbani" ni hapana. Makasia mawili pia yawepo. Moteri ikizimika karibu na mpaka, upepo unakusukuma Goma bila kukuuliza kama ulipita DGM.

Pili, jile, yaani makoti ya kujiokolea majini. Haitoshi kuziona zimerundikwa mbele. Kila mtu avae, afunge mikanda, kisha nashika mabega ya jile na kuvuta juu. Ikifika masikioni ni kubwa kwake, na ndani ya maji itatoka bila yeye. Kwa watoto ndiyo kosa la kila siku, wanavalishwa za baba zao. Jile ivaliwe tangu kupanda mpaka kushuka. Mashua iliyozama mbele ya bandari ya Kituku, hapa Goma, tarehe 3 Oktoba 2024 ilikuwa inakaribia kufika, watu wanauona mji.

Tatu, ukingo. Watu wote wakishakaa, pima kutoka ukingo wa boti hadi maji kwa mkono wako: kiwiko kwenye maji, vidole vifikie ukingo. Chini ya dhiraa hiyo, shusha mtu. La nne ni maji yaliyomo ndani: boti kavu asubuhi ambayo baada ya dakika kumi ina maji kwenye visigino inavuja, rudini.

Njiani kusini mtaona mashua za wavuvi zimefungwa tatutatu kwa miti mirefu, na nguzo zinachomoza mbele na nyuma kama ndevu za kamba-mti. Mchana zimelala, usiku huwasha taa ili sambaza, samaki wadogo kama dagaa, wapande juu. Mgeni akiuliza, mwambie sambaza si wenyeji wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa maji ya juu ya Kivu hayakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea.

Swali la pili ni la gesi, lijibiwe vizuri kwa sababu linatisha watu. Chini ya ziwa kuna kiasi cha kilomita za ujazo 60 za metani na 300 za kaboni dioksidi. Mfano ninaoutumia ni chupa ya Primus: kizibo kikiwa kimefungwa, gesi imo ndani ya bia na huoni hata povu. Kizibo cha Kivu ni uzito wa maji yenyewe. Ziwa lina kina cha karibu mita 480, gesi iko kwenye matabaka mazito ya chini, na maji mnayoogelea juu hayachanganyiki nayo. Huko Karongi mtambo wa KivuWatt unavuta maji kutoka zaidi ya mita 300 chini, unayafungua kizibo polepole, na kupata umeme wa megawati 26. Gesi inayoua mtu mmojammoja kwetu ni ya nchi kavu: mazuku, yale mabonde madogo ya kando ya ziwa upande wa Himbi na Bulengo, ambako kaboni dioksidi hutoka ardhini na kutulia chini kwa kuwa ni nzito kuliko hewa. Anayekufa kwanza ni mbuzi, mbwa au mtoto, maana pua zao ziko chini. Kwa hiyo kundi linalorudi limechoka lisiruhusiwe kujilaza kwenye shimo lolote la ufuoni.

Nyamyumba, maji ya moto. Wanyarwanda huyaita amashyuza. Yanabubujika kutoka kwenye mawe pembezoni kabisa mwa ziwa, na pale yanapotokea yana karibu nyuzi 70, yaani ngozi inababuka kwa sekunde chache. Ila dimbwi halina joto moja. Upande wa mawe yanachoma, upande wa ziwa ni baridi, na katikati kuna ukanda mwembamba ambao unahama kila wimbi likiingia. Mgeni hukanyaga mahali alipomwona mwenzake ameketi, dakika moja baadaye, na anaruka. Ingia kutoka upande wa ziwa, kwa kisigino, ukisogea polepole kuelekea kwenye moto. Vijana wa pale watajitolea kukukandakanda miguu kwa mawe na matope; patana bei kabla hajakushika mguu. Wenye presha na wajawazito wakae na miguu tu, dakika kumi. Saa moja inatosha kwa kundi zima, na anayetaka zaidi atakula muda wa foleni.

Chakula kiagizwe kwa simu mkiwa bado majini, vinginevyo samaki wa kuchoma anachukua saa moja na robo tangu kuagizwa. Simu nayo ina hila zake: Goma na Gisenyi zimekaribiana hivi kwamba laini inaruka nchi bila kukuambia. Chagua mtandao kwa mkono, usiiache ijichagulie.

Kurudi, hesabu watu mara tatu: kwenye boti, mezani, na kabla ya foleni. Kila mmoja awe ameshika karatasi yake mkononi, si ndani ya sakosi iliyo ndani ya sakosi. Anayetaka kuwapelekea wa nyumbani sambaza, anunue zilizokaangwa kavu na azifunge kwenye bahasha ya karatasi. Mbichi zitaanza kunuka foleni haijafika nusu, na ofisi za afya za mpaka zina haki ya kuzizuia.