Domeni isome kabla hujaanza kukata

Vijana ninaowafundisha tuisheni hapa Nyegezi, Mwanza, wakikutana na swali la domeni mkono unaenda wenyewe kwenye kurahisisha. Nawaelewa, tangu shule ya msingi wameambiwa ukiona sehemu kata juu, kata chini, mpaka ibaki ndogo. Ila kwenye domeni hiyo tabia ndo inayowanyima maksi.

Domeni ni zile x zote ambazo ukiziingiza kwenye funksheni (yani kanuni inayopokea x na kutoa jibu moja) jibu linatoka. Kwa namba halisi, kwenye maswali ya sehemu na vipeuo vya pili, kuna mambo mawili tu ya kuogopa, kugawa kwa sifuri na kutafuta kipeuo cha namba hasi. Basi. Hamna la tatu.

Tuanze na sehemu, hapa macho yote chini. Mfano (x + 1)/(x² − 5x + 6), ile ya chini ni (x − 2)(x − 3), kwa hiyo x isiwe 2 wala 3, zingine zote ruksa. Juu hata pakiwa sifuri hakuna shida, yani x ikiwa −1 jibu ni 0 tu na 0 ni namba kama zingine. Chini ikiwa x² + 1 usihangaike, haiwezi kuwa sifuri hata siku moja.

Sasa mtego wenyewe: (x² − 9)/(x − 3). Mtu anakata anabaki na x + 3, anaandika kwa furaha "namba zote halisi". Hapana bwana! Swali lilivyokuja ukiweka 3 unapata 0 kwa 0, kwa hiyo 3 haimo hata kama baada ya kukata haionekani tena. Grafu yake ni ule mstari wa x + 3 wenye katundu pale (3, 6).

Na kuna domeni inayoletwa na maisha. Tuseme mnakodi boti ya kuzunguka Bismarck Rock, yale mawe ya ziwani hapa Mwanza, kwa 60,000 mnachangia watu x, kila mtu anatoa 60,000/x. Hesabu inasema x isiwe 0, lakini hamna mtu nusu wala mtu hasi, na boti ikiwa inabeba watu 12 basi domeni ni 1 mpaka 12, namba nzima tu.

Vipeuo. √(6 − 2x) inataka 6 − 2x ≥ 0, ukigawa kwa −2 alama inageuka, x ≤ 3. Ukisahau kugeuza utajikamata mwenyewe ukijaribu x = 10, ndani inakuwa −14. Sifuri ndani ya kipeuo inaruhusiwa, ila kipeuo kikikaa chini ya sehemu hairuhusiwi tena, ndo maana 1/√(x − 4) ni x > 4 na sio ≥. Na √(x + 5)/(x − 2) ni kuanzia −5 kwenda juu ila uitoe 2, wengi wanaipata −5 halafu ile 2 wanaiacha humo humo.

√(x² − 9) naona watu wanaandika x ≥ ±3, sijui hata inamaanisha nini. Chora mstari wa namba, weka −3 na 3, kila kipande chukua namba moja ujaribu: −4 inatoa 7, 0 inatoa −9, 4 inatoa 7. Cha katikati kimekataa, kwa hiyo x ≤ −3 au x ≥ 3.

Ninalolipenda kuliko yote ni hili, √((x − 1)/(x − 4)) na √(x − 1)/√(x − 4). Ukiziangalia haraka utasema ni kitu kimoja. Weka x = 0. Ya kwanza ndani unapata −1 kwa −4, hasi zinauana, robo, kipeuo chake nusu, safi kabisa. Ya pili inakufia pale pale kwenye √−1. Kwa hiyo ya kwanza ni x ≤ 1 au x > 4, ya pili ni x > 4 peke yake. Ukiunganisha vipeuo kabla ya kuandika domeni, umeshajibu swali lingine. Kuzidisha nako ni hivyo hivyo: √x · √(x − 3) inaanzia 3, lakini √(x² − 3x) inakubali pia 0 na namba hasi zote.