Pole, samahani na radhi: ninavyotafsiri wiki za maridhiano Shepparton

Mwaka wa kwanza nilipopewa kazi ya kutafsiri tangazo la tarehe 26 Mei, niliandika kwa herufi kubwa "Siku ya Pole", nikaridhika na kazi yangu, na tangazo likabandikwa. Siku mbili baadaye mama mmoja kutoka Kivu, ambaye ameishi hapa Shepparton, Australia, kwa miaka mingi kuliko mimi, alinisimamisha nje ya duka la vyakula akaniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, nani amefariki?" Nilimjibu kwamba hakuna msiba, na kwamba ni siku ambayo taifa huwakumbuka watoto wa wenyeji asilia walionyakuliwa kutoka kwa wazazi wao. Alitafakari kidogo, kisha akasema: "Basi hiyo si pole. Aliyekuchukulia mtoto hakupi pole."

Kazi yangu ni ukalimani na tafsiri kati ya Kiingereza na Kiswahili. Shepparton ni mji wa mashamba ya matunda katika jimbo la Victoria, kiasi cha kilomita 180 kaskazini mwa Melbourne. Tangu mwaka 2005, serikali ya Australia ilipoanza kwa majaribio kuzileta hapa familia chache za wakimbizi wa Kongo badala ya kuzipeleka kwenye majiji makubwa, Kiswahili kimekuwa moja ya lugha zinazosikika madukani na makanisani. Ardhi yenyewe ni ya watu wa Yorta Yorta, wenyeji asilia wa hapa. Kuanzia katikati ya Mei hadi Julai wiki za uhamasishaji hufuatana: Wiki ya Kujitolea, Wiki ya Sheria, kumbukumbu ya tarehe 26 Mei, Wiki ya Maridhiano, na hatimaye wiki ya NAIDOC ya kusherehekea utamaduni wa wenyeji asilia. Kila moja huniletea karatasi ya kutafsiri, na kila karatasi ina neno moja au mawili ambayo kwa Kiingereza hupita kimya kimya, lakini kwa Kiswahili humlazimisha mtafsiri aamue nani alimkosea nani.

Gumu kuliko yote ni neno la tarehe 26 Mei, siku ambayo Waaustralia huiita Sorry Day. Tarehe hiyo mwaka 1997 iliwasilishwa bungeni ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Sir Ronald Wilson, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama Kuu, ambayo Australia ndiyo ya juu kabisa, na Mick Dodson, mwanasheria wa kabila la Yawuru. Ripoti ilikadiria kwamba kati ya mwaka 1910 na 1970 wenyeji asilia walinyang'anywa kwa nguvu kati ya mtoto mmoja katika kila kumi na mtoto mmoja katika kila watatu, wakapelekwa kwenye taasisi, misheni na nyumba za wazungu, kwa sheria na sera zilizokusudia wasahau lugha na ukoo wao. Hao ndio wanaoitwa Vizazi Vilivyoibwa. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 26 Mei 1998, siku hiyo iliadhimishwa kwa mara ya kwanza, na wananchi wa kawaida wakapanga foleni kuandika maneno yao katika vitabu vya kuomba radhi vilivyosambazwa nchi nzima.

Mzungumzaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa tofauti iliyopo hapa. Pole humfuata aliyefikwa na jambo, na anayeitoa hana lawama; mtu akijikwaa mbele yako unampa pole ingawa si wewe uliyeliweka jiwe njiani. Samahani, na zaidi ya hiyo kuomba radhi, huanzia kwenye kukiri. Kiingereza kina neno moja, sorry, kwa yote mawili, na siasa za Australia zilikwama ndani ya neno hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Waziri Mkuu John Howard alikataa kuomba radhi kwa niaba ya serikali, akisema kwamba kizazi cha sasa hakiwezi kubebeshwa makosa ya waliotangulia. Mwaka 1999 bunge lilipitisha hoja yake iliyoeleza masikitiko ya dhati, lakini neno lenyewe halikuwamo. Kwa lugha yetu ningesema alitoa pole, akakataa kusema samahani. Tarehe 13 Februari 2008 Waziri Mkuu Kevin Rudd alisimama bungeni akalisema neno hilo mara tatu katika hoja aliyoisoma, na ninapoitafsiri hotuba ile kwa wanafunzi wangu wa ukalimani sina shaka hata kidogo: "tunaomba radhi".

Hata hivyo swali la yule mama halikuwa la kijinga. Katika Kiingereza wanachozungumza wenyeji asilia wenyewe, neno hilohilo lina maana ya tatu, nayo ni msiba: mazishi, maombolezo, na kipindi ambacho shughuli nyingine husimama na katika jamii nyingi jina la marehemu halitajwi. Watu wanaoikusanyikia siku hiyo wanadai radhi na pia wamekaa matanga, wakiwalilia akina mama waliokufa bila kuwaona tena watoto wao. Ndiyo maana tangazo langu sasa husomeka "Siku ya Maombolezo na Kuomba Radhi". Ni refu, na anayepanga kurasa hulalamika kila mwaka, lakini silifupishi.

Baada ya kuomba radhi linakuja suala la malipo, na hapo pana mtego mwingine. Ripoti ya mwaka 1997 haikuishia kwenye maneno. Ilitaja pia dhamana kwamba jambo halitarudiwa, kurejesha kilichopotea kadiri inavyowezekana, huduma za kuwasaidia waathirika wapone, na fidia ya fedha. Nimeona watafsiri wenzangu wakiandika "kifuta machozi" mahali pa fidia, na ninawakataza. Kifuta machozi hutolewa kwa hisani ya mtoaji; fidia ni deni. Bruce Trevorrow alikuwa na umri wa miezi 13 alipopelekwa hospitalini Adelaide siku ya Krismasi mwaka 1957 kwa ugonjwa wa tumbo, kisha idara ya serikali ikamkabidhi kwa familia ya kizungu bila ridhaa ya wazazi wake. Mama yake aliandika barua kuuliza mtoto atarudishwa lini, akajibiwa kwamba anaendelea vizuri lakini madaktari bado wanamhitaji, ilhali alikwisha kugawiwa kwa watu wengine. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya jimbo la Australia Kusini ilimpa dola 525,000, na kwa mara ya kwanza mmoja wa Vizazi Vilivyoibwa akashinda kesi ya namna hiyo. Alifariki mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 51. Mpango wa serikali ya shirikisho ulioanza mwaka 2022, kwa wale walionyakuliwa katika maeneo yaliyokuwa chini yake moja kwa moja, ulitenga dola 75,000 kwa madhara yaliyotendeka na dola 7,000 zaidi kwa ajili ya kupona, na ulimpa anayetaka nafasi ya kusimulia yaliyomkuta na kujibiwa na afisa wa ngazi ya juu. Malipo na majibu ya afisa ni karatasi mbili tofauti, na mtafsiri asizichanganye.

Siku moja baada ya Maombolezo huanza Wiki ya Maridhiano, ambayo haihami kamwe: tarehe 27 Mei hadi 3 Juni. Tarehe ya kwanza ni ya kura ya maoni ya mwaka 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura walikubali katiba ibadilishwe ili bunge la shirikisho liweze kuwatungia sheria wenyeji asilia, na ili wahesabiwe katika idadi ya watu wa nchi. Wengi husema kura hiyo ndiyo iliyowapa haki ya kupiga kura, nami niliwahi kulitafsiri kosa hilo bila kulihoji; haki hiyo katika chaguzi za shirikisho walikuwa wameipata mwaka 1962. Tarehe ya mwisho ni ya hukumu ya Mabo ya mwaka 1992, ambapo Mahakama Kuu iliwatambua watu wa kisiwa cha Mer kuwa wenye haki juu ya ardhi yao, na kulitupilia mbali dai kwamba Waingereza waliikuta Australia ikiwa nchi isiyo na mwenyewe. Eddie Koiki Mabo, aliyeianzisha kesi hiyo, alikuwa amefariki Januari ya mwaka huohuo.

Kwa nini maridhiano, na si upatanisho au suluhu? Suluhu humhitaji msuluhishi, na hapa hayupo. Upatanisho hufanywa na mtu mwingine juu ya wagomvi, na kanisani una maana yake ya pekee. Maridhiano ni neno ambalo wasomaji wetu wanalijua kutoka siasa za nyumbani, hasa wale wanaokumbuka Zanzibar ya mwaka 2009 na 2010, na lina ukali ambao neno la Kiingereza halina: hakuna anayeweza kuridhiana peke yake, kila upande lazima uwe radhi. Watu wapatao 250,000 walivuka daraja la bandari ya Sydney tarehe 28 Mei 2000 kuunga mkono jambo hili, na picha zake bado zinasisimua. Lakini tarehe 14 Oktoba 2023 kura ya maoni ya kuwapa wenyeji asilia chombo cha kuwasemea ndani ya katiba ilikataliwa na takribani asilimia 60 ya wapiga kura, na majimbo yote sita yakasema hapana. Tangu hapo nimewasikia wazee wa Kiyorta Yorta wakiuliza maridhiano hayo ni ya nani na nani. Kwa maoni yangu, Kiswahili kinaliweka swali lao wazi zaidi kuliko Kiingereza.

Kila mkutano wa wiki hizi hufunguliwa kwa maneno juu ya ardhi, nayo huwachanganya wageni kwa sababu ni ya aina mbili. Mimi huyaeleza kwa hodi na karibu. Karibu hutamkwa na mwenye nyumba tu. Hivyo mzee wa Yorta Yorta ndiye anayeweza kutukaribisha hapa, na asiyekuwa wa ukoo huo, hata kama ni mwenyeji asilia wa mahali pengine, hana mamlaka hayo. Sisi wengine, awe meya au mchungaji wa Kikongo, tunapiga hodi: tunaitaja ardhi na wenyewe, tunawaheshimu wazee wao, basi. Nilipolieleza hivyo kwa mara ya kwanza ukumbini, hakuna aliyeuliza swali la pili.

Neno "kupona" hunikumbusha methali yetu, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja na mwenyeji akaugua. Ukitoka Shepparton kuelekea Mooroopna unapita bonde la mto Goulburn, ambao kwa Kiyorta Yorta huitwa Kaiela. Hapo ndipo zilipopiga kambi familia nyingi zilizoondoka katika Cummeragunja, kituo cha serikali cha makazi ya wenyeji asilia, kwa mgomo wa Februari 1939, zikipinga uongozi wa meneja wao na maisha duni, na watu waliendelea kuishi kwenye bonde hilo linalofurika katika vibanda vya mabati na magunia hadi miaka ya 1950. William Cooper, mzee wa Yorta Yorta aliyekusanya saini 1,814 za kumwomba Mfalme wa Uingereza uwakilishi bungeni, ndiye aliyeyaomba makanisa yatenge Jumapili moja kwa ajili ya watu wake. Iliadhimishwa kwanza mwaka 1940, ikahamishiwa Julai mwaka 1955, na kutokana nayo ikakua wiki ya NAIDOC. Kwa hiyo ninapotafsiri "uponyaji" kwa ajili ya hafla zinazofanyika kando ya mto huo, huepuka sauti ya mikutano ya injili ambayo neno hilo limeibeba kwetu. Huandika "kupona pamoja", kwa sababu wanachokisema wazee ni kurudi kwenye ardhi, lugha na jamaa, na hakuna anayewekewa mikono.

Wiki ya Kujitolea haina mengi ya kueleza. Fomu zake huuliza mtu amejitolea saa ngapi katika shirika gani, na watu wetu hujibu sifuri, ilhali wikendi nzima walikuwa wakipika msibani au wakimhamisha jirani nyumba. Wenyeji asilia nao husema kwamba kuwatunza jamaa ni wajibu ambao hawauiti kujitolea. Mtu aliyekulia na kazi za pamoja za jamii, yaani msaragambo, salongo au umuganda, ataelewa.

Haki ni neno ambalo Kiswahili kimelipa mzigo mara mbili, kwa kuwa linabeba kile mtu anachostahili na pia uamuzi ulio sawa. Wenyeji asilia ni chini ya asilimia 4 ya watu wa Australia, lakini ni zaidi ya theluthi moja ya wafungwa, zaidi ya miongo mitatu baada ya Tume ya Kifalme iliyochunguza vifo 99 vya mahabusu na wafungwa wao kutoa mapendekezo 339 mwaka 1991. Shepparton ndiko ilikoanza, mwaka 2002, mahakama ya kwanza ya Victoria ambamo wazee huketi na hakimu na kuzungumza na mshtakiwa kabla ya adhabu kutolewa. Katika Wiki ya Sheria hilo ndilo huwavutia zaidi wazee wetu wa Kikongo, ambao huniuliza kwa nini na wao wasiketi.

Swali ambalo akina mama huuliza ni jingine. Zaidi ya theluthi moja ya watoto wanaolelewa nje ya familia zao kwa amri ya serikali bado ni wa wenyeji asilia, na akina mama wetu, ambao wanaiogopa idara ya ulinzi wa watoto kuliko polisi, wakisikia habari za Vizazi Vilivyoibwa huona jambo linaloendelea. Mimi huketi kati yao na maafisa. Kanuni za taaluma yangu haziniruhusu kuongeza wala kupunguza neno, lakini zinaniruhusu kuomba ufafanuzi. Kwa hiyo afisa anapomwambia mama neno lile moja la Kiingereza, husimamisha mazungumzo na kumuuliza: unampa pole, au unamwomba radhi? Mara nyingi hunyamaza kwanza, akamtazama mama, ndipo anijibu.