Ufundi unaolinda gunia ghalani

Mkoani Dodoma mvua ina msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Mtama, uwele na alizeti huvunwa mara moja kwa mwaka, lakini sabuni, dawa na sare za shule hudai fedha mwaka mzima. Kaya nyingi hubanwa hapo.

Tufuate gunia moja. Baada ya mavuno kila mtu anauza, bei inashuka. Kaya isiyo na shilingi nyingine inauza hivyo hivyo, pengine kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, ilimradi deni lilipwe. Ikifika Januari ghala ni tupu, nafaka inanunuliwa kwa debe, kwa bei ya juu. Fedha ya debe hilo hutoka kwenye kibarua: baba na mama wanapalilia shamba la mwenzao huku lao likimezwa na magugu. Mavuno yajayo yamepungua kabla hayajakomaa, na mwaka unaofuata mambo ni yale yale.

Mwanakaya mmoja akijua uashi au uchomeleaji, kipato cha kiangazi, hata kiwe kidogo, huliacha gunia ghalani mpaka bei ipande, na mwezi wa palizi familia inabaki shambani kwake. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mafunzo ya ufundi yanawatoa watu kwenye kilimo.

Ila ufundi uchaguliwe kwa makini. Fundi cherehani anayewashonea majirani tu hukosa wateja mwaka ule ule anaokosa mavuno, kwa sababu ukame umewakausha wote mifuko. Uliza kwanza: mteja wangu atalipa kwa fedha ya wapi? Mwashi anayepata kazi Dodoma mjini, ambako ujenzi umeongezeka tangu Serikali ilipoanza kuhamia, halipwi kwa mtama wa kijijini. Ufugaji nyuki nao una nafasi yake: maua hutegemea mvua, ni kweli, lakini asali safi iliyofunikwa vizuri haiozi, inasubiri bei.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, hupokea hata watu wazima waliokatisha masomo. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina kozi fupi, na aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa ujuzi wake na kupewa cheti. Kabla ya kujiandikisha, ulizia kozi za kiangazi, Juni hadi Oktoba, ili darasa lisigongane na palizi.