Mtajo si mlinganyo

"Andika mlinganyo wa muda wa safari, halafu utafute k." Swali la namna hii linazunguka sana kwenye tuisheni za Arusha, na ukiangalia kilichoandikwa chini yake unakuta 32/k + f. Hapo hakuna mlinganyo, na hiyo k huwezi kuitafuta hata ukikesha.

Mtajo wa aljebra ni namba na herufi zilizounganishwa kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha au kugawanya ili kueleza kiasi fulani. Muda ni umbali ukigawanywa kwa kasi. Gari likienda kilomita 32 kwa kasi k, likakaa kwenye foleni kwa saa f, muda wake ni 32/k + f. Basi.

Mlinganyo unadai kitu. Unasema huku na kule ni sawa, na dai linaweza kuwa kweli au uongo. Mtajo haudai chochote. Unangoja upewe k na f, ukupe muda.

Chukua dereva anayetoka Namanga kwenda Moshi. Akifika Ngaramtoni anaweza kupita katikati ya mji hadi Usa River, au kushika barabara ya mchepuo, kilomita 42 na ushee. Ya mjini tuiwekee 32, na kasi iwe ileile kote ili tusijitafutie kazi. Tuna mitajo miwili: 32/k + f, na 42/k. Yote iko sahihi na hakuna cha kutatua. Ni pale dereva anapouliza foleni ya kiasi gani inafanya njia hizi zilingane ndipo alama ya sawa inapata kazi: 32/k + f = 42/k, yaani f = 10/k. Kwa kilomita 50 kwa saa, kikomo cha kwenye makazi, f ni saa 0.2, dakika 12. Foleni ikizidi hapo, mchepuo unalipa. (Anayeiweka f kwa dakika bila kugawanya kwa 60 atatumia zaidi ya saa 12 kufika Usa River, na wapo.)

Alama yenyewe ilianzishwa mwaka 1557 na Robert Recorde wa Wales. Alichagua mistari miwili sambamba kwa sababu aliona hakuna vitu viwili vinavyoweza kuwa sawa kuliko hiyo. Sasa tazama daftari la mwanafunzi: 32/50 = 0.64 + 0.2 = 0.84. Jibu la mwisho ni sahihi, lakini mstari mzima ni uongo, maana 32/50 haijawahi kuwa 0.84. Mtoto ameifanya alama isomeke "halafu", kama kitufe cha kikokotoo. Na atajuaje vingine, ikiwa kila chenye herufi ameambiwa ni mlinganyo?

Kwa hiyo ukimtungia mtoto swali la njia ya mjini, mwambie: "Andika mtajo wa muda, kisha utafute thamani yake k ikiwa 50 na f ikiwa robo saa." Neno "tatua" liwekee akiba hadi njia ya pili iingie kwenye swali.